Osha ghala, viazi viache vikavu

Zuhura mwenzangu,

Salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani. Mengine yangoje, maana Baba Rehema amenieleza mpango wako nami nimeona nisilale kabla sijakuandikia. Eti viazi vyote, kabla ya kuingia ghalani, utavitosa kwenye maji ya klorini kwa sababu vya msimu uliopita vilioza. Kama hujaanza, tafadhali ngoja.

Kiazi kilichotoka ardhini kikavu, hata kikiwa na udongo mkavu mwilini, hukaa kuliko kilichooshwa. Ganda lake lina vitundu vya kupumulia. Kikilowa, vitundu vinapanuka na ule utando wa maji unakinyima hewa, na bakteria wa uozo laini hawataki zaidi ya hapo. Halafu fikiria beseni lenyewe: kiazi kimoja kilichooza kikitumbukia, maji yale yale yanawapaka wenzake wote. Najua utaniambia klorini itawaua. Itaua vilivyo majini na juu ya ganda, tena ikiwa bado ina nguvu, na udongo ndio unaoimaliza nguvu hiyo. Maji yakishakuwa ya tope, unaosha kwa tope tupu. Ugonjwa uliokwisha kupenya ndani ya nyama, kama bakajani chelewa, ule unaokausha majani na kuozesha viazi, hauguswi kabisa.

Hiyo klorini ihamishie kwenye ghala na vyombo. Toa kila kitu: mabaki ya viazi vya zamani, majani, udongo wa kwenye pembe. Fagia, sugua kwa maji na sabuni, suuza, ndipo upake dawa. Ukiipaka juu ya uchafu umeitupa. Kama ni ile ya kufulia nguo nyeupe yenye asilimia 5, changanya sehemu 1 ya dawa na sehemu 9 za maji. Sakafu, kuta, kreti, mizani, majembe, vyote vikae vimelowa kwa dakika 10. Kisha suuza, hasa vya chuma, maana klorini hula chuma. Changanya ya siku hiyo tu. Vaa glavu, fungua milango, na usiichanganye kamwe na siki wala dawa yoyote ya choo yenye asidi au amonia. Inatoa gesi ya kuua. Ghala likauke kabisa kabla kiazi cha kwanza hakijaingia. Kreti za mbao hunywa uozo hadi ndani, za plastiki ni bora. Yale magunia yaliyobeba viazi vilivyooza usiyarudishe, hata kama shemeji atalalamika.

Viazi vyenyewe kinga yao ni ganda. Fyeka majani wiki 2 hadi 3 kabla ya kuchimba, kisha jaribu kusugua kiazi kwa kidole gumba. Ganda likichubuka, bado. Chimba udongo ukiwa haujalowa, na wachimbaji wasivirushe: visidondoke zaidi ya sentimita 15. Vilivyokatwa na jembe tenga vya kuliwa mapema. Vyenye madoa ya kahawia yaliyobonyea, vilivyolainika au vinavyovuja visifike hata mlangoni.

Baada ya hapo vinahitaji kupona, na hapa ndipo nina wasiwasi na msimu wenu uliopita. Kwa muda wa wiki 2 hivi viwekwe gizani, hewa ikipita, kwenye joto la nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi na unyevu hewani wa asilimia 85 hadi 95. Katika siku hizo kiazi kinajiotesha ngozi mpya juu ya kila mchubuko. Ukikipeleka baridini siku ile ile, kidonda kinakawia kufunga na ukungu wa fuzari, ule unaoleta uozo mkavu, unaingia. Vikishapona ndipo ushushe joto polepole, hadi nyuzi 4 au 5 kwa vya mbegu. Vya kukaanga viishie 7 hadi 10, kwa kuwa baridi kali hugeuza wanga kuwa sukari na chipsi zinatoka nyeusi.

Na maji hayaji kwa kuosha tu! Hewa ya joto ikiingia kwenye ghala la baridi, rundo linatoka jasho, na tumerudi pale pale pa beseni. Matundu yafunguliwe wakati hewa ya nje ina baridi kuliko viazi.

Kama mnunuzi anataka viazi vilivyooshwa, vioshwe siku ya kuuzwa. Ondoa kwanza udongo kwa maji safi yanayotiririka, kisha klorini ile ya asilimia 5, isiyo na manukato, mililita 40 kwenye lita 20 za maji. Badilisha maji yakianza kuchafuka, suuza kwa maji safi, na vikauke kwa upepo kabla ya kufungwa.

Sasa nijibu haya. Vile vilivyooza vilikuwa vinanuka na kuwa kama uji, au vilikunjamana vikavu vikiwa na mashimo yenye ukungu mweupe? Maana kama ni hivi vya pili, ni majeraha, si usafi wa ghala. Uozo ulianzia chini ya rundo, au juu, usawa wa mlango? Rundo lilikuwa na kimo gani? Sakafu mliitia saruji au bado ni udongo? Mmeshafyeka majani, na lini? Na mguu wa mama unaendeleaje, ameanza kutembea?

Usichimbe kabla hujanijibu, angalau lile la harufu.

Wako,
Mwanaidi