Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Zilipendwa na Hadithi Mpya

Ndugu Wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti awasilishe taarifa ya shughuli za mwaka kabla mhazini hajasoma hesabu. Hesabu zimekaguliwa na atazisoma mwenyewe, kwa hiyo mimi nitasema tu kwamba ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka wa nyuma, na projekta sasa ni mali ya chama, hatuikodi tena. Vikao vyetu vya Jumamosi hapa Sinza, vya kutazama na kujadili hadithi za sayansi ya kubuni, vimeendelea. Kimoja kiliharibiwa na mvua za masika, wenzetu wa Mbagala na Kigamboni wakakwama njiani, tukakirudia.

Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo lililotugawa na kutuchangamsha kuliko yote: mjadala wa Star Trek: Picard, mfululizo wa televisheni wa Marekani kuhusu wasafiri wa anga za juu.

Kwa faida ya wanachama wapya, Star Trek: The Next Generation ilirushwa Marekani kuanzia 1987 hadi 1994. Picard ilikuja 2020 na kuisha 2023, misimu mitatu. Mwigizaji Patrick Stewart alikubali kumrudia Kapteni Picard, nahodha wa meli ya anga katika mfululizo wa zamani, kwa sharti kwamba asirudie yaleyale, ndiyo maana msimu wa kwanza unamkuta mzee aliyestaafu, yuko shambani kwake kwenye mizabibu huko Ufaransa. Msimu wa tatu, uliosimamiwa na Terry Matalas, uligeuza mwelekeo: wenzake wa zamani wote wakarudi, na meli yao ya anga, Enterprise-D, ikarudi nao.

Hapo ndipo ukumbi ulipogawanyika. Tukumbuke kwamba Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994, mwaka uleule mfululizo wa zamani ulipomalizika Marekani. Wazee wetu waliupenda kupitia kanda za video za kukodi, nyingine zimechezwa mpaka picha inatetemeka. Taa za chumba cha usukani cha Enterprise-D zilipowaka, mjumbe wetu wa Upanga alifuta machozi waziwazi, na Picard aliposema amelikumbuka lile zulia, safu nzima ya mbele ilipiga makofi. Nyuma yao kijana mmoja kutoka Mbezi, mwanafunzi wa chuo, akanyoosha mkono akauliza kwa adabu: "Wazee wangu, mimi meli hii sijawahi kuiona. Nishangilie nini?"

Swali lile limeongoza vikao vyetu vyote vilivyofuata, nami nalishukuru mno. Wapo waliomjibu kwamba ya kale ni dhahabu na asubiri akue. Sikukubaliana nao siku ile, na leo sikubaliani nao. Zilipendwa ikipigwa kwenye harusi, aliyeikulia na asiyeijua wote wanaweza kuingia kucheza, ila wa pili ataingia kwa sababu ngoma yenyewe ni nzuri. Hicho ndicho tunachopaswa kukidai kwa kila mfululizo unaofufuliwa.

Na msimu uleule unatupa mfano wa jambo hilo likifanyika sawasawa. Katika sehemu ya nne, meli waliyomo, Titan, inazama ndani ya wingu la angani na wote wanajua wanakufa. Kapteni Shaw, nahodha wa meli hiyo, anaingia kwenye baa alimokaa Picard, anaanza kusimulia vita vya Wolf 359. Vita hivyo ni vya sehemu iliyorushwa 1990: Picard alitekwa na Borg, maadui walio nusu viumbe nusu mashine, akageuzwa msemaji wao, na meli 39 zikaangamia na watu karibu 11,000. Wakati ule tuliyatazama kama maumivu ya Picard. Shaw alikuwa fundi kijana kwenye mojawapo ya meli zile. Chombo cha kujiokolea kilikuwa na nafasi kumi tu. Ofisa akaanza kunyooshea watu kidole, wewe, wewe, wewe, na Shaw akawa miongoni mwao. Hajui mpaka leo kwa nini yeye. Anamtazama Picard usoni na kumwita kwa jina lile la Borg, Locutus.

Ukumbi ulinyamaza, vijana kwa wazee. Kijana wetu wa Mbezi hakuhitaji kanda ya 1990 ili aelewe mtu aliyebaki hai akiwa na deni lisilolipika. Hapo ya zamani imefanya kazi: imeumba mtu mpya, na imembadilisha hata stelingi tuliyedhani tunamjua.

Worf, shujaa wa vita katika kikosi cha Picard, naye nampa heshima hiyohiyo, amerudi na mvi, anakunywa chai ya chamomile na kutafuta amani, bado ana upanga. Lakini Data, mwenzao aliye roboti mwenye umbo la mtu, siwezi kumkubali. Alikufa kwenye filamu ya 2002. Msimu wa kwanza wa Picard ukampa kifo cha pili, alichokiomba mwenyewe, kwa utulivu mkubwa. Kumfufua tena katika msimu wa tatu ni kutunyang'anya msiba tuliokwisha kuuzika. Najua wengi hapa hatukubaliani, na kikao kile kilimalizika usiku.

Uhura je, yule ofisa wa mawasiliano wa Star Trek ya awali? Tulionyesha sehemu yake ya kwanza kabisa kurushwa, ya tarehe 8 Septemba 1966, ambamo kiumbe anajigeuza mwanamume na kumsemesha Uhura kwa Kiswahili. Shangwe ilisikika mpaka barabarani. Ila mfululizo ule haukumpa Nichelle Nichols aliyemwigiza, Mungu amrehemu, hadithi ya kutosha. Mfululizo mpya, Strange New Worlds wa 2022, umempa Uhura hadithi hiyo: kuruta aliyezaliwa Kenya, amefiwa na wazazi na kaka yake kwa ajali, hana uhakika kama kazi hii anaitaka. Dada zetu kadhaa walijiunga na chama baada ya kuiona.

Kamati inaleta pendekezo moja, mlipigie kura leo. Kila kazi iliyofufuliwa tutakayoionyesha mwaka ujao, wa kwanza kuzungumza wawe wale ambao hawajaona ile ya awali. Wazee watafuata, na kanda zao wanakaribishwa kuja nazo. Utaratibu huohuo utumike kwenye usomaji wa hadithi zetu wenyewe za Dar es Salaam ya miaka ijayo. Nyingi mwaka huu zilijaza majina ya mitaa na vituo vya daladala vya zamani, lakini wahusika hawakuwa na la kufanya humo.

Namkaribisha mhazini asome hesabu, kisha katibu ataendesha kura.