Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha wa Kenya: Hazina ya Usawazishaji itakufa kabla ya kuzaa

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zetu. Zimefika mapema kuliko pesa, kama kawaida. Juni 30 imepita tena, vitabu vya mwaka wa fedha vimefungwa, na Hazina ya Usawazishaji bado inadai pesa ambazo wizara yako haijaiingizia.

Hatuna nia ya kukufundisha kazi, ila Kifungu cha 204 cha Katiba kinasomeka hata bila wakili. Hazina hiyo hupata asilimia 0.5 ya mapato yote ya serikali ya kitaifa kila mwaka, kwa kufuata hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Katika kila trilioni moja, hiyo ni bilioni 5. Pesa hizo ni za maji, barabara, zahanati na umeme kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. Tafadhali zisichanganywe na ile asilimia 15 au zaidi ya mapato inayogawiwa kaunti zote. Hicho ni chungu kingine, ingawa tukiuliza hiki hujibiwa kile.

Tazama Mto Tana. Nairobi inakunywa maji ya Ndakaini, bwawa la tawimto lake. Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yanazalisha umeme kwa maji ya Tana. Ukishuka Hola na Garsen, kuna wanaoyateka maji hayo hayo kwa mtungi, jicho moja likiangalia mamba. Mto mrefu kuliko yote nchini unawapita, na nyaya za umeme pia.

Sera ya kwanza ya kutambua maeneo hayo yaliyoachwa nyuma ilitaja kaunti 14, kuanzia Turkana na Mandera hadi Lamu na Kwale. Ya pili ikashuka hadi maeneo 1,424 katika kaunti 34. Wazo si baya, maana umaskini haufuati mipaka ya kaunti. Lakini gawa zile bilioni 5 za kila trilioni kwa 1,424: kila eneo linapata kama milioni 3.5. Ukishachimba kisima kirefu kule Wajir, pampu, paneli za sola, tangi na mabomba atalipa nani? Ndiyo maana kila mwaka unaorukwa unauma mara mbili.

Tunavyodhani sisi, tatizo liko hapa. Kifungu kinasema pesa zisizotumika hubaki ndani ya Hazina kwa miaka inayofuata, hazirudi wizarani. Basi njia nyepesi ya kuzizuia ni kutoziingiza kabisa. Zikiingia, zinaingia mwisho wa mwaka wa fedha, wakati bado kuna sheria ya matumizi ya kupitishwa, maoni ya Tume ya Ugavi wa Mapato ya kuzingatiwa, na idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Zabuni ikitoka, mvua za Oktoba zimefika, lori la kuchimbia limekwama kwenye tope, na mkandarasi anaondoka akiwa na deni mkononi. Kisha tunaambiwa kaunti hazina uwezo wa kutumia pesa!

Na saa inakimbia. Katiba ilianza kufanya kazi Agosti 27, 2010, na kifungu hiki kina uhai wa miaka 20. Agosti 2030 kinakoma, isipokuwa Bunge litunge sheria ya kukiongezea muda, ikiungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Bunge la Taifa na zaidi ya nusu ya jumbe zote za kaunti katika Seneti. Kura za namna hiyo hazipatikani kwa wiki moja. Au ndiyo hesabu yenyewe, Mheshimiwa, kwamba deni lizeeke hadi mdai afe?

Tungeomba ratiba ya malimbikizo, mwaka kwa mwaka. Tungeomba na mswada wa kuongeza muda. Lakini tumeomba mengi miaka mingi, kwa hiyo leo tunaomba moja tu: ingiza pesa kwenye Hazina. Robo hii, kabla ya mvua.

Ingiza pesa, Mheshimiwa.

Ni sisi tunaoishi chini ya nyaya za umeme.