Mwanangu, treni haikati kona: barua kabla ya safari ya Sacramento

Tabora, Julai

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mama. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa na mama yako ili asiseme namficha habari zako. Sisi hatujambo. Kiangazi kimekolea, nyasi zimekauka, na usiku ukitazama upande wa Sikonge unaona anga jekundu. Warina asali na wachungaji wameshaanza kuwasha, kama kawaida yao.

Umeuliza mambo mawili. La kwanza, kama ununue tiketi ya treni huko Marekani, kutoka Portland kwenda Sacramento kwenye harusi ya binti wa shangazi yako, maana wenzako chuoni wanasema msimu huu wa moto wa misitu treni hukatishwa njiani na watu wakapandishwa mabasi. La pili ulilisema huku ukicheka: "Baba, si wazunguke tu?" La kwanza nalijibu hapahapa. Nunua, ila usiondoke Alhamisi kwa harusi ya Jumamosi. Ondoka Jumanne. La pili ndilo limenikalisha chini niandike, kwa sababu ni swali la mtu aliyelelewa katika nyumba ya dereva wa treni na bado anafikiri kama dereva wa bodaboda.

Ijue kwanza njia yenyewe. Treni yako ni Coast Starlight ya Amtrak, shirika la treni za abiria la huko. Inatoka Seattle hadi Los Angeles, kilomita zipatazo 2,200, na ni moja tu kwa siku kila upande. Ikifutwa ya leo, unangoja ya kesho, nayo ina abiria wake. Portland mtaondoka mchana, mkishapita Eugene mtaanza kuipanda milima ya Cascade, Klamath Falls mtafika mnamo saa nne usiku, na Mlima Shasta mtaupita gizani. Hilo linanisikitisha, maana picha zake nimeziona kwenye simu. Kukipambazuka mtakuwa mnaikaribia Sacramento.

Reli hiyo ya kupitia Klamath Falls ilikamilika mwaka 1926. Kabla ya hapo treni zilipita magharibi zaidi, Medford na Ashland, zikavuka milima ya Siskiyou. Njia ya zamani ingalipo, na ukiiona kwenye ramani utasema si hiyo hapo, wapite huko. Ramani haikuoneshi mwinuko. Pale reli inapanda zaidi ya mita 3 kwa kila mita 100, kona juu ya kona, na inatumiwa na kampuni ndogo ya treni za mizigo inayobeba mbao. Mtu anayetembea kwa miguu hata hashtuki kwamba anapanda. Dereva mwenye mabehewa ya ghorofa nyuma yake hutokwa jasho, na kushuka ndiko kunakomtoa jasho zaidi.

Ipo na njia ya tatu, kutoka Klamath Falls kwenda kusini-mashariki, Bieber hadi Keddie, halafu inaingia kwenye korongo la Mto Feather na kuteremka bondeni. Hiyo nayo ni ya mizigo. Ukitaka kuzunguka, ni huko.

Sasa sikia yaliyotokea 2021. Mwishoni mwa Juni moto uitwao Lava, ulioanzishwa na radi, uliwaka chini ya Mlima Shasta karibu na mji wa Weed, ukaliharibu daraja la reli la Dry Canyon. Taruma, lile gogo linalolala chini ya reli, likiungua, genge la mafundi wa njia linalibadilisha kabla ya chakula cha mchana. Daraja ni kazi nyingine. Kwa wiki kadhaa hapakuwa na treni ya abiria kati ya Klamath Falls na Sacramento. Kisha Julai 13, wakati daraja bado linashughulikiwa, mti ukaangukia nyaya za umeme na kuanzisha moto wa Dixie. Wapi? Kwenye korongo lilelile la Mto Feather, mlango wa kutokea wa ile njia ya tatu. Moto huo ulikula ekari 963,309, na Agosti 4 ukauteketeza mji wa Greenville. Kwa hiyo ukisema wazunguke, mimi nauliza: upande gani? Ukame unaokausha bonde moja haukuachii la pili likiwa bichi.

Haya, tufanye njia ya pili ipo, haina moto, na haina milima ya kutisha. Bado haijawa yako. Amtrak anaendesha treni, lakini reli nyingi anazopita si zake. Huko kwenu ni za kampuni ya Union Pacific, na ile ya kupitia Bieber ni ya kampuni ya BNSF. Mwenye reli ana treni zake za mizigo, nazo zimefungiwa na moto uleule, nazo zinatafuta pa kupita. Zote zinamiminika kwenye njia moja, zikipishana stesheni kwa stesheni. Halafu kuna dereva. Watu hudhani kazi yetu ni kusukuma mpini. Kazi yetu ni kuijua njia: wapi mlima unaanza, ishara ipi imejificha nyuma ya kona, wapi uanze kushika breki kilomita mbili kabla ya kuona sababu. Dereva hapelekwi kwenye njia asiyoijua hivihivi. Lazima apande mwenyeji wa njia ile amwongoze, na wenyeji hao ni wachache, nao siku hiyo wanagombaniwa na kila mtu. Na saa zinakwenda. Sheria ya Marekani inamruhusu mfanyakazi wa treni saa 12 kazini, basi. Zikiisha, treni inasimama hata kama imebakiza hatua chache kufika stesheni, mpaka waletwe wengine. Abiria wakiona hivyo hukasirika sana. Mimi naipenda sheria hiyo. Nimeyaona macho ya dereva aliyepitiliza.

Mahali pengine kuzunguka kunawezekana. Treni ya California Zephyr, itokayo Chicago kwenda upande wa San Francisco, milima ya Colorado ikifungwa mara nyingine hupitishwa Wyoming kati ya Denver na Salt Lake City. Wanaokwenda mwisho wa safari wanafika. Lakini mtu anayengoja Glenwood Springs au Grand Junction, treni yake inapita mamia ya kilomita mbali naye, na yeye inabidi atafutiwe basi. Kila unapozungusha treni kuna stesheni unazozitupa.

Usidhani haya ni ya Wamarekani peke yao. Sisi moto haukutusumbua sana kwenye Reli ya Kati, maana moto wetu wa miombo hutambaa kwenye nyasi na genge likifyeka vizuri haufiki kwenye mataruma. Wa kwenu hupanda hadi vileleni mwa misonobari na kuruka kutoka mti hadi mti. Kilichotunyoosha sisi ni maji, pale Kilosa hadi Gulwe, Mto Mkondoa unapoamua kupita tulipopita sisi. Baada ya mafuriko ya mwishoni mwa 2009 treni ya Kigoma ilianzia Dodoma, na waliotoka Dar walifika Dodoma kwa mabasi. Nilifaulisha abiria, yaani niliwahamisha, usiku kwenye mvua, kina mama na watoto na magunia na majogoo, na nakuambia kwa dhati: abiria akielezwa mapema anavumilia karibu lolote. Anachokosa uvumilivu nacho ni ukimya.

Kuna jambo jingine wenzako hawatakuambia. Njia inaweza kufungwa wakati huoni moto wowote. Reli ikipata joto kali hurefuka, na isipopata pa kwenda hupinda, ndiyo maana siku za joto treni huamriwa kwenda taratibu. Mataruma ya mbao yamelowekwa kreosoti, dawa nyeusi ya kuzuia mbao zisioze, yakishika moto yanaungua chinichini huku juu unaona kokoto tu. Hakuna anayepitisha treni juu ya daraja lililopigwa na moto kabla fundi hajalikagua. Na wazimamoto wenyewe wanaihitaji reli. Union Pacific wana treni ya maji, matangi yenye mabomba, inayoingia pale ambapo gari la zimamoto halifiki. Ukisikia "njia imefungwa", huenda ndiyo inatumika kuliko siku zote.

Na kweli, mara nyingine treni yenyewe ndiyo mshukiwa. Breki iliyokwama hutema cheche, nimeziona. Mji wa Lytton kule Kanada ulipoteketea Juni 30, 2021, siku moja baada ya kupimwa nyuzi 49.6 za joto pale pale, watu walinyooshea kidole treni ya mizigo. Wachunguzi wa usalama wa usafiri walichunguza na hawakupata ushahidi kwamba treni ndiyo iliyowasha. Mimi ni mtu wa reli, kwa hiyo usinifanye hakimu wa kesi hiyo.

Hili linalofuata ndilo nataka ulishike, hata ukisahau yote niliyoandika. Agosti 16, 2022, huko Hispania, treni ya kutoka Valencia kwenda Zaragoza ilikutana na moto karibu na mji wa Bejís. Dereva, mwanamke, alisimamisha treni akakusudia kurudi alikotoka. Ili arudi ilibidi ahame kutoka kichwa cha mbele kwenda cha nyuma. Fikiria upo ndani: treni imesimama, madirisha yamekuwa mekundu, dereva anapita katikati yenu kwa haraka. Watu walipatwa na hofu. Wengine walivunja vioo wakaruka nje, wakaukuta moto, wakarudi ndani wameungua, baadhi vibaya sana. Treni ikarudi nyuma na kuwafikisha mahali salama.

Siwalaumu. Hofu haina shule. Lakini wewe ni binti yangu na nakuambia kabla: treni ikisimama kwenye moshi, kaa ndani. Funga dirisha na mlango, msikilize kondakta, shuka pale tu atakaposema yeye. Behewa ni chuma, ni refu, na lina njia ya kurudi. Wewe nje una miguu miwili kwenye mlima usioujua. Na ukiona dereva anakimbia kwenda upande wa pili, hakukimbii. Anakwenda kukutoa.

Moto ukizimika pia usidhani mambo yamekwisha. Agosti 2020 moto wa Grizzly Creek uliwaka Glenwood Canyon kule Colorado, ukaifunga barabara kuu kwa takriban wiki mbili. Mwaka uliofuata, mvua za Julai ziliikuta milima haina kitu, tope na mawe vikateremka korongoni, barabara ikafungwa tena. Nilipoisoma habari hiyo niliiona Kilosa. Mlima usio na miti ni adui wa reli hata miaka miwili baada ya majivu kupoa.

Ya safari sasa. Nguo ya harusi usiiweke kwenye mzigo unaopakiwa, ibebe mkononi, kwa sababu mkifaulishwa kwenye basi katikati ya usiku mizigo ndiyo inayopotezana na wenyewe. Chukua maji, karanga, na pampu yako ya pumu iwe mfukoni, si ndani ya begi. Zile barakoa nzito zinazozuia vumbi laini nunua huko huko Portland kabla moshi haujafika, maana ukifika zitakwisha madukani. Simu ijaze chaji Eugene.

Na usilitegemee sana basi. Basi linapita milima ileile. Septemba 2018 moto wa Delta uliifunga barabara kuu ya I-5 kaskazini mwa Redding kwa siku kadhaa, na reli imelala kando ya barabara hiyo hiyo. Wakisema hakuna treni wala basi, usianze kutafuta lifti kwa watu usiowajua. Lala Klamath Falls, au rudi Portland. Ndiyo maana nimesema Jumanne: ukiwahi utamsaidia shangazi yako kupika, ukichelewa siku mbili bado utamkuta bibi harusi hajavaa. Na ikishindikana kabisa, shangazi yako nitamwambia mimi. Tumezaliwa tumbo moja, atanisikia.

Mama yako anasema panda ndege. Mwache aseme, nauli ya ndege tutatuma akikubali kuuza yule mbuzi wake.

Amtrak wana ramani inayoonesha kila treni ilipo na imechelewa kiasi gani, na mjukuu wangu amenifundisha kuifungua. Mkifika Klamath Falls saa nne usiku, huku itakuwa saa mbili asubuhi na mimi niko kwenye chai, nitakuwa ninakuona. Kwa hiyo ukifika Sacramento mpigie kwanza mama yako. Mimi nitakuwa nimeshajua.

Baba yako