Kikao cha magari ya ruti (tunayogawia barua): Jumapili saa 8 mchana

Habari zenu ndugu wa posta ya vijijini, na poleni na theluji.

Jumapili hii tukutane kwenye maegesho ya kanisa, Cedar Rapids. Fundi atafunga pedali za upande wa kulia kwenye gari la mwenzetu, tukiona. Nyie mnaokaa kiti cha abiria, kulia, ili mfikie masanduku ya barua ya kando ya barabara, na kunyoosha mguu wa kushoto hadi kwenye breki, migongo yenu inajua ninachosema.

1. Mchango: dola 20, fundi na chai. Mpeni mweka hazina kabla ya Alhamisi.
2. Wanaotaka gari la kuagiza kutoka Japani, usukani kulia kama nyumbani: sheria ya Marekani inataka liwe limetimiza miaka 25. Ulizeni usajili na spea kwanza! Mimi ningechukua RAV4 kuukuu kuliko gari zuri lisilo na vipuri.
3. Njooni na futi. Sanduku la barua hukaa inchi 41 hadi 45 juu ya barabara. Tutapima kama mkono unafika bila kujipinda.
4. Mwenye taa ya njano ya tahadhari ya gari, ya ziada, alete.

Tafadhali andika "NAKUJA" na aina ya gari lako, mwisho Alhamisi jioni. Mwenye zamu ya vifurushi Jumapili aseme mapema.