Salamu za Krismasi kutoka Uyole

Wasomaji wangu, kamwene! Ugonile! Na nyie mlio mbali na nyanda hizi za juu za Mbeya, habari za siku nyingi?

Krismasi ya huku kwetu huja na mvua. Ardhi imeshiba, mahindi yamechomoza, na viatu vya kanisani vinabebwa mkononi hadi mlangoni. Ukikutana na mtu wa Uyole wiki hii, atakujulia hali haraka haraka kisha atakuuliza kama mbolea ya kupandia umeipata. Nami ni hivyo hivyo: riwaya iko mezani, lakini asubuhi jembe ndilo linalotangulia. Wengi hudhani mwandishi anahitaji nyumba tulivu. Mimi nyumba ikitulia sana nasinzia.

Mwezi huu hakuna hatari hiyo. Mabasi ya Dar es Salaam yanashusha ndugu usiku, na nazi zao, na watoto wanaolalamikia baridi ambayo sisi hatuioni. Mchele wa Kyela ukianza kunukia jikoni, simulizi nazo zinaanza. Ya babu na mahari ndiyo haiishi kamwe. Shangazi anasema ng'ombe walikuwa watatu. Baba mdogo anasema alikuwa mmoja, tena mgonjwa. Wanabishana hadi chai inapoa, na ole wako ujifanye mwamuzi.

Kisha mtu ananikumbuka: "Jamani, angalieni maneno, mwandishi yupo." Wanacheka, lakini sauti zinashuka.

Wana haki. Maneno ya jikoni ni ya nani? Mimi nimejiwekea mpaka: namna ya kusema naichukua, siri naiacha. Shangazi akifika penye utamu wa kisa hunyamaza, anaonja mchuzi, anaongeza chumvi, ndipo anaendelea, na sisi sote tumekodoa macho. Mbinu hiyo nimeiiba bila kuomba ruhusa, nikampa muuza samaki wa Matema ambaye hajawahi kuwepo. Lakini deni la kaka, ugonjwa ambao mtu hajawaambia hata wanawe, hayo yanabaki pale pale kwenye mafiga. Wapo waandishi wanaosema riwaya isiyomuudhi ndugu yeyote haina ukweli. Siafiki. Ukweli wa riwaya uko katika jinsi mtu anavyoogopa, anavyojitetea, anavyoupanga uongo wake ukapangika. Jina la jirani haliongezi kitu.

Na kuna kichekesho. Niliowachota kweli hawajitambui hata kidogo. Wanaokuja kununa ni wale ambao sikuwawaza kabisa: "Yule mama mkwe mchoyo, si ndiye mimi?"

Mjomba yeye hajali kuandikwa, mradi kuwe na sifa. Tangu Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, apate Nobel ya Fasihi mwaka 2021, ananiuliza yangu inakuja lini, kana kwamba imekwama stendi. Namwambia aniletee kwanza mfuko wa urea.

Usiku umeme ukikatika, na mvua hizi haukosi kukatika, mpwa wangu husoma riwaya kwa sauti kwenye mwanga wa simu, na bibi anamkatiza kila ukurasa. "Huyo mwanamke anangoja nini? Si arudi kwao!" Sijapata mhariri mkali kuliko huyo, na malipo yake ni kikombe cha maziwa. Jaribuni nyumbani kwenu sikukuu hii. Kitabu kimoja kinatosha nyumba nzima, na kwa bei za vitabu tulizonazo si haba. Msikichague kwa heshima. Chagueni kitakachowafanya wazee wabishe.

Wenye nafasi, pandeni Hifadhi ya Kitulo. Maua yameanza, yatakuwepo hadi Aprili, na wanaopaita Bustani ya Mungu hawakutia chumvi. Bebeni makoti, hata kama kwenu Dar mnapepea.

Ndugu zetu Waislamu mtakaokuja kula pilau, karibuni, mchinjaji ni wa kwenu. Wenye wagonjwa hospitalini na wenye msiba ndani ya mwaka huu, nawapa pole. Najua sikukuu huwa ndefu kwenu.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya. Mnaorudi Dar baada ya hapo, kateni tiketi sasa hivi, viazi na parachichi vifungeni vizuri kwenye buti, na mkifika mteremko wa Kitonga msimhimize dereva.