Mesoni kugeuka antimata si habari mpya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nisahihishe makala ya sayansi iliyotoka gazetini humu hivi karibuni, ambayo ilidai kwamba watafiti wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia ya chembe kilichopo Ulaya, walikuwa wa kwanza duniani, mwaka 2021, kugundua chembe, mesoni ya D, inayogeuka kutoka maada kuwa antimata (pacha wa maada mwenye sifa kinyume, kama vile chaji) na kurudia hali yake ya awali. Kichwa chake cha habari kiliwatia wasomaji hofu ya mlipuko.

Jambo hilo lina umri unaozidi nusu karne. Wanafizikia Murray Gell-Mann na Abraham Pais walilitabiri mwaka 1955 kwa mesoni (aina ya chembe ndogo kuliko atomu) iitwayo kaoni, na mwaka uliofuata majaribio ya maabara ya Brookhaven, Marekani, yakaipata kaoni ya maisha marefu ambayo hesabu zao zilidai lazima iwepo. Mesoni za B zilifuata mwaka 1987 huko Hamburg, Ujerumani. Hata hizo mesoni za D zilizozungumziwa na makala, dalili za kugeuka kwake zilipatikana mwaka 2007 Marekani na Japani.

Kilichofanyika CERN ni kipimo, na kwa maoni yangu kinastahili sifa kubwa kuliko huo ugunduzi uliodaiwa. Mesoni ya D iliyotumika huzaliwa sambamba na pioni, mesoni nyingine iliyo nyepesi, na chaji ya pioni hiyo ndiyo inayowaonyesha watafiti iwapo iliyozaliwa ni mesoni au antimesoni, yaani pacha wake wa antimata. Kisha hupima umbali mfupi iliosafiri kabla ya kusambaratika, wakapata muda iliouishi. Baada ya kuchambua mesoni zaidi ya milioni 30, walibaini kwamba hali mbili zinazochanganyika kuiunda, nzito na nyepesi, zinatofautiana kwa takriban gramu 1 iliyogawanywa kwa 1 yenye sifuri 38. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kasi ya kugeuka, na kwa kuwa ni ndogo mno, mesoni nyingi za D husambaratika kabla hazijageuka.

Ama ile hofu ya mlipuko, haina msingi. Maada na antimata huangamizana zinapokutana, ilhali mesoni inayogeuka haijakutana na chochote. Protoni na elektroni haziwezi kabisa kugeuka hivyo, kwa sababu zina chaji, na chaji haibadiliki njiani. Wasomaji waliotishwa na kichwa kile cha habari wana haki ya kusoma marekebisho haya katika ukurasa uleule.

Mwalimu wa Fizikia,
Morogoro