Mwanangu, kabla hujatoboa sikio la juu

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeusoma. Unataka tundu la pili kwenye ndewe zote mbili, moja juu ya sikio la kulia, na kipini puani, yote Jumamosi moja huko mjini Nairobi. Sikukatazi. Umeshatimiza miaka 18. Ila usimruhusu mtu yeyote akutoboe sikio la juu kwa bunduki, ile mashine ya kutobolea. Makosa mengine mengi nitakayokutajia humu yana dawa. Hilo laweza kumwachia mtu alama ya maisha.

Sikio lina sehemu mbili zisizofanana. Ndewe, pale chini, ni nyama laini yenye damu ya kutosha, ndiyo maana hupona upesi. Huku juu ni gegedu, ule mfupa laini, na gegedu halina mishipa ya damu ndani yake. Hulishwa na utando mwembamba uliolifunika. Bunduki husukuma kipini butu kwa nguvu ya springi. Haikati, inaponda. Utando huweza kubanduka, damu na majimaji hujaa katikati, gegedu hukosa chakula, na bakteria wakiingia hapo kinga ya mwili huchelewa kuwafikia. Aliyezoeleka zaidi kwenye vidonda hivi ni Pseudomonas, ambaye hupenda kukaa majini. Gegedu likishaoza, sikio hukunjamana na umbo lake halirudi bila upasuaji, na hata upasuaji haulirudishi lote. Isitoshe, bunduki nyingi zina mwili wa plastiki usiohimili joto la otoklevu, chombo kinachoua vijidudu kwa mvuke, kwa hiyo kati ya mteja na mteja hupanguswa tu kwa spiriti.

Kinachotakiwa ni sindano kali yenye tundu ndani, ya kutumika mara moja. Kwa pua hutumika ya milimita 1.0 hivi, kwa gegedu 1.2, na kwa ndewe yoyote kati ya hizo mbili. Inakata njia safi, kipini kinaifuata, kazi imekwisha kwa sekunde chache.

Ukipanda zile ghorofa za Moi Avenue na River Road utakuta vibanda vingi vya kutoboa, vingine vizuri, vingine vya hatari, na bango la mlangoni halitakuambia kipi ni kipi. Tumia macho. Sindano ifunguliwe mbele yako kutoka kwenye pakiti iliyofungwa, tarehe yake haijapita. Koleo na vifaa vingine vinavyorudiwa viwe kwenye mfuko wa otoklevu wenye alama iliyobadilika rangi. Alama hiyo inaonyesha kwamba mfuko ulipita kwenye mvuke, na mvuke wenyewe unatakiwa ufike nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 30. Utaonyeshwa pengine kisanduku chenye taa ya buluu, uambiwe ndicho kinachoua vijidudu. Kile hakitoshi. Mwanga hugusa tu upande unaouangalia. Kifaa kikilala juu ya kingine, au kikiwa na damu iliyokauka kwenye bawaba, chini yake hakuna kilichokufa. Kuchemsha kwenye sufuria na kuloweka kwenye Jik navyo havitoshi. Mtoboaji anawe mikono, avae glavu mpya, na akigusa simu au kupokea pesa katikati ya kazi, azibadilishe. Mwambie bila kuona haya. Na sindano ikitoka kwako iingie moja kwa moja kwenye boksi gumu la sindano chafu.

Ikitokea umegundua baadaye kwamba sindano ilishatumiwa na mtu mwingine, usikae na siri hiyo. Nenda kituo cha afya cha serikali uombe PEP, ile dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi. Inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kila saa unayowahi inakusaidia. Humezwa kwa siku 28. Waulize pia kuhusu homa ya ini aina ya B. Kisha nipigie, hata iwe usiku wa manane.

Kipini cha kwanza kiwe cha titani ile ya kupandikizwa mwilini, ambayo alama yake ni ASTM F136, au dhahabu halisi ya karati 14 au 18. Hereni za bei ya chini za Kamukunji ni nzuri kwa tundu lililopona, lakini nyingi zina nikeli chini ya rangi ya dhahabu, na nikeli kwenye kidonda kibichi huleta mwasho na majimaji yasiyokwisha, mtu akadhani ana maambukizi. Fedha nayo huchakaa kidondani na kuacha doa jeusi. Chagua kipini chenye mgongo bapa badala ya pete, kwa sababu pete huzunguka na kila mzunguko huingiza uchafu. Kwa gegedu kianze na urefu wa milimita 8 hivi ili uvimbe upate nafasi, halafu baada ya wiki sita hadi nane urudi wakuwekee kifupi zaidi. Watu wengi hawarudi. Kipini kirefu hukwama kwenye nywele na kulala mshazari, na tundu hufuata mshazari huo.

Sasa hiyo hesabu yako ya Jumamosi moja. Ukitoboa masikio yote mawili utalalia upande gani? Anza na sikio la kulia peke yake, ndewe na juu, ulalie kushoto. Pua na ndewe ya kushoto zisubiri. Usiende karibu na mtihani, wala ukiwa na homa, wala na njaa. Kula saa moja au mbili kabla. Kichwa kikiwa kimesukwa upya ni bora zaidi, maana baada ya hapo sitaki mikono ya msusi, jeli na mafuta ya nywele vikaribie kidonda kwa wiki kadhaa. Kofia ya boda boda nayo inabana sikio lote na imevaliwa na vichwa vya watu wengi. Kwa wiki za mwanzo panda matatu.

Utunzaji wenyewe ni mdogo, na hapo ndipo watu huharibu kwa kuzidisha. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Mtaa wenu maji yakikatika, mimina kwa kikombe, usichovye mkono kwenye ndoo. Lowesha pamba ya shashi kwa salaini, yaani maji ya chumvi, ya 0.9% ya duka la dawa, iweke juu ya tundu dakika tatu hadi tano mpaka gamba lilainike, pangusa taratibu mbele na nyuma, kausha kwa tishu safi. Asubuhi na jioni, basi. Ukikosa salaini, chemsha maji mililita 250, yapoe, tia robo kijiko cha chai cha chumvi, na yatengenezwe mapya kila siku. Usiongeze chumvi ukidhani itafanya kazi zaidi, itaunguza ngozi.

Spiriti, Dettol, haidrojeni peroksaidi, dawa ya meno, mafuta ya nazi: hapana kwa zote. Zinaua chembe changa zinazojenga ngozi mpya, au zinaziba tundu lisipumue. Na usizungushe kipini. Utaambiwa na kila mtu ukizungushe kisigande, lakini kila ukizungusha unachana ngozi inayoanza kujitanda ndani. Badilisha foronya mara kwa mara, au vika mto fulana safi na kuigeuza kila usiku. Bwawa la kuogelea liache mpaka kidonda kifunge.

Ndewe hupona kwa wiki sita hadi nane, pua miezi minne hadi sita, gegedu miezi sita hadi mwaka mzima. Gegedu hudanganya: nje huonekana limepona wakati ndani bado bichi.

Wekundu kidogo, uvimbe na maji meupe au ya manjano hafifu yanayokauka kuwa gamba, hayo ni ya kawaida wiki za mwanzo. Usaha mzito wenye harufu, joto, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, au homa, hayo ni ya daktari. Dalili ninayotaka uikariri ni hii: sehemu yote ya juu imevimba na kuwa nyekundu, huku ndewe ikibaki kama kawaida. Hilo ni gegedu limeambukizwa, na ni la siku hiyo hiyo, hospitali yenye daktari wa masikio, pua na koo. Usinunue amoksilini dukani. Haimgusi Pseudomonas, na utapoteza siku mbili ambazo sikio halina. Usichomoe kipini mwenyewe pia, kwa sababu tundu likijifunga usaha hubaki ndani. Daktari ataamua.

Kinundu kidogo kando ya tundu kwa kawaida ni cha msuguano. Ondoa kinachosugua nacho hunywea. Keloidi, yaani kovu linaloota, ni kitu kingine: hutokea miezi baadaye, ni ngumu, hukua kupita mipaka ya kidonda, na kuikata peke yake mara nyingi huirudisha ikiwa kubwa zaidi. Hutibiwa kwa sindano za steroidi, mapema. Sisi watu weusi tunapata keloidi zaidi, na huenda kwa ukoo. Shangazi zako wawili upande wa baba wanazo. Angalia kovu lako la chanjo mkononi: likiwa limeinuka na kung'aa, gegedu liache kabisa, na hata kwa ndewe muone kwanza daktari wa ngozi.

Kitabu chako cha kliniki nimekitazama. Ulipata chanjo zote tatu za utotoni, za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, zenye kinga ya pepopunda na homa ya ini aina ya B, lakini sioni nyongeza yoyote ya pepopunda tangu hapo. Pitia kituo cha afya wiki hii uchomwe, kabla ya Jumamosi hiyo. Nimekutumia picha ya ukurasa huo uwaonyeshe.

Mamako